Mtoto Kabla ya Daftari la Shule

(Hotuba iliyosomwa na Kamati ya Elimu mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama. Yapigwa chapa humu kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Tumeombwa kusema juu ya elimu ya watoto, nasi twajua ya kuwa neno hili limekwisha kusemwa mara nyingi katika vikao vyetu, hata pengine msikilizaji huanza kusinzia kabla msemaji hajamaliza salamu zake. Kwa hiyo leo hatutasema juu ya shule za sekondari, wala juu ya vyuo, wala juu ya gharama za watoto wetu wakubwa, mambo ambayo kila mwaka huujaza muhtasari wa mkutano. Twataka kusema juu ya mtoto aliye mdogo kuliko hao wote: yule ambaye bado hajafika shule, na ambaye jina lake halimo katika daftari lolote tuliwekalo sisi makarani.

Na kwa kuwa si vema kuhubiri makosa ya wengine na kuyaficha ya kwetu, twaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita, wakati wa kuandikisha watoto wa darasa la kwanza, baadhi yetu tuliombwa kwenda kuwasaidia walimu wa shule moja kuandika majina, maana watoto walikuwa wengi na walimu wachache. Siku ya pili alikuja bibi mzee mmoja, amemshika mkono mjukuu wake. Alisema ya kuwa mtoto ana miaka minane. Tulimtazama mtoto, tukaona kimo chake ni cha mtoto wa miaka mitano. Tulimwomba bibi cheti cha kuzaliwa, hakuwa nacho. Tulimwomba kadi ya kiliniki. Akasema ililowa siku nyumba ilipovuja, ikaharibika. Tulimwuliza tarehe ya kuzaliwa. Akatuambia kwamba mtoto alizaliwa siku chache baada ya mavuno, mwaka ule mama yake aliporudi kutoka mjini. Sisi tumezoea tarehe yenye siku, mwezi na mwaka, basi tukatazamana na kutabasamu. Tukamwambia kwa upole, "Bibi, mtoto huyu bado mdogo. Mrudishe nyumbani akue kwanza, nawe utafute karatasi." Akajibu, "Haya, wanangu." Wakaenda zao.

Hawakurudi. Baada ya miezi kadhaa, mmoja wetu alimwona mtoto yule katika stendi ya mabasi, amebeba sinia la karanga. Alinunua karanga zake, na mtoto akamrudishia chenji sawasawa bila kukosea hata senti. Tulipouliza kwa jirani zao tukapata habari ya kuwa bibi alikuwa amesema kweli tupu, kwa sababu mtoto wa nyumba ya pili, aliyezaliwa juma lile lile, alikuwa tayari darasa la pili. Tulipokwenda nyumbani kumtaka radhi bibi, tuliambiwa wamehama, wala hapana aliyejua wamekwenda wapi.

Wanachama wenzetu, siku ile tulifanya makosa mawili. Kosa la kwanza ni la karatasi, nalo tutalirudia baadaye. Kosa la pili ni la macho. Tuliona ufupi tukadhani ni umri, kumbe ulikuwa njaa. Na njaa yenyewe haikuwa ya mwaka ule, bali ya miaka sita au saba nyuma yake, tangu mtoto alipokuwa hajui kusema. Hili ndilo tulilojia mbele yenu. Twadhani ya kuwa umaskini humkuta mtoto kwenye mlango wa shule. La, humtangulia. Mtoto afikapo mlangoni huwa umekwisha kumfanyia sehemu kubwa ya kazi yake.

Tueleze kwanza maana ya udumavu. Mtoto mdumavu ni yule ambaye kimo chake ni kifupi mno kwa umri wake, si kwa kuwa wazazi wake ni wafupi, bali kwa kuwa mwili wake ulikosa chakula cha kutosha na kizuri, au ulipatwa na maradhi mara kwa mara, au yote mawili. Jambo hili huweza kuanza mtoto akiwa tumboni, ikiwa mama hali vizuri na kazi zake ni nzito. Tena huzidi hasa kati ya miezi sita na miaka miwili, wakati ambapo maziwa ya mama peke yake hayatoshi, na uji apewao ni wa mahindi matupu. Ubongo nao hukua wakati huo huo. Afikapo miaka miwili, ubongo wa mtoto huwa umefikia kiasi cha sehemu nne katika tano za ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kwa hiyo miaka ile tunayoiita ya kubebwa mgongoni ndiyo miaka ambayo nyumba ya akili yajengwa.

Mtoto mwenye njaa ya namna hii mara nyingi halii. Hukaa kimya. Haendi huku na huku, hashiki vyombo, hasumbui kwa maswali, kwa kuwa hana nguvu za kufanya hivyo. Watu humsifu na kusema, "Mtoto huyu mtulivu sana." Nasi tumewahi kusema hivyo. Walakini mtoto hujifunza kwa kushika, kuvunja, kuuliza na kuigiza. Akikaa kimya kwa udhaifu, mlango mmoja wa elimu umefungwa, wala hapana mwalimu wala karani aliyeandika habari hiyo.

Katika Tanzania, upimaji wa mwaka 2010 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 42 walikuwa wadumavu. Upimaji wa mwaka 2022 ulionyesha 30. Haya ni maendeleo ya kweli, na wale waliofanya kazi hiyo wastahili shukrani. Lakini tazameni hesabu ya mikoa. Katika upimaji huo wa mwaka 2022, mkoa wa Iringa ulikuwa na wadumavu kiasi cha 57 katika kila 100, nao Njombe na Rukwa kiasi cha nusu ya watoto wao. Kila mmoja wetu ajua ya kuwa hiyo ni mikoa ya mahindi, maharagwe na viazi, mikoa inayolisha miji yetu.

Mtu akisikia hayo hupesi kusema, "Basi wazazi wa huko ni wazembe." Sisi twasema sivyo. Penye shamba kubwa na mikono michache, mama huondoka alfajiri na kurudi jioni. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Hawezi kula mara mbili kwa siku kama mtu mzima akashiba, sharti ale mara nne au tano, kidogo kidogo. Nani atampa, na mama yuko shambani? Chakula chenyewe kikipatikana huwa cha aina moja, kwa maana maharagwe, mayai na maziwa huenda sokoni ili ipatikane fedha ya sabuni, chumvi na dawa. Kwa hiyo ghala huweza kujaa na mtoto akadumaa. Umaskini wa nyumba hiyo si uvivu, bali ni kazi nyingi kupita kiasi, iletayo faida ndogo kupita kiasi.

Hapo hapo Iringa pana historia ambayo kila karani yafaa aijue. Mwaka 1983 ulianzishwa mpango wa lishe katika vijiji 168, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Jambo lake kubwa halikuwa dawa ngeni, bali mizani na daftari. Watoto walio chini ya miaka mitano walipimwa uzito kila baada ya miezi michache mbele ya wanakijiji, na hesabu ikapelekwa kwa serikali ya kijiji, ikazungumzwa kama zinavyozungumzwa habari za pembejeo na barabara. Wakaulizana: mtoto fulani amepungua, kwa nini? Mama yake ana kazi gani? Nani amtazamaye mchana? Na pale walipoona ya kuwa watoto hawali mchana, wakaweka mahali pa kuwalisha watoto pamoja wazazi wawapo shambani. Watoto wenye upungufu mkubwa wa uzito walikuwa zaidi ya 6 katika kila 100 mwaka 1984. Mwaka 1988 walikuwa hawafiki 2.

Msikilizaji atatuuliza, ikiwa Iringa ilishinda hivyo, imekuwaje udumavu ukawa mwingi hivi leo? Jibu la kwanza ni kwamba mizani hupima uzito, na udumavu ni habari ya kimo. Mtoto aweza kuokolewa asife kwa njaa na bado asirefuke. Jibu la pili ni kwamba kazi hii haimalizwi na kizazi kimoja. Kila mwaka huzaliwa watoto wapya ambao hawakuwamo katika hesabu ya jana. Daftari likifungwa, mtoto aliyezaliwa jana hafaidiki na mema ya mwaka 1988.

Sasa tuje kwenye shule. Je, udumavu wa utotoni wafuatana na mtu mpaka darasani? Katika mkoa wa Kagera, kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti waliandika habari za nyumba zaidi ya 900, wakawapima na watoto. Mwaka 2004 walirudi kuwatafuta watu wale wale, hata waliohamia mbali. Ikaonekana ya kuwa waliokua vibaya walipokuwa wadogo walichelewa zaidi kuingia shule, na madarasa waliyomaliza yalikuwa machache kuliko ya wenzao. Sisi tukisoma habari hiyo hatuna haja ya kuuliza walicheleweshwa na nani. Wazee wetu wakumbuka kipimo cha zamani: mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili, akiligusa huandikwa, asipoligusa hurudishwa. Kipimo hicho ni cha mkono, wala si cha umri, na mtoto aliyedumaa hushindwa mwaka hata mwaka. Leo hatumwambii mtoto aguse sikio. Twamtazama tu, tukasema, "Akue kwanza."

Tusije tukasahau juhudi zilizofanywa kuufungua mlango wa shule. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa katika Tanzania, na mnamo Novemba 1974 mkutano wa TANU huko Musoma uliazimia ya kuwa kila mtoto wa rika apate nafasi ya shule ifikapo mwaka 1977. Katika miaka ya 1980, uchumi ulipodhoofika, malipo yakarudi, na watoto wa maskini wakapungua madarasani. Ada ikafutwa tena mwaka 2001. Kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, ukaondoa ada na michango ya lazima hata kidato cha nne. Jirani zetu walikwenda njia hiyo hiyo. Uganda ilipofuta ada mwaka 1997, wanafunzi wa shule za msingi waliruka kutoka kiasi cha milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Kenya ilifuta ada mwaka 2003, na mwanzoni mwa mwaka 2004 Mzee Kimani Maruge wa Eldoret, mwenye umri wa miaka 84, alivaa sare akakaa darasa la kwanza pamoja na watoto.

Habari ya Mzee Maruge imewafurahisha watu wengi duniani, nasi pia. Yatuonyesha ni watu wangapi waliozuiwa na fedha tu, wala si na akili. Lakini yatuonyesha na jambo la pili. Herufi zaliweza kumngoja yeye miaka themanini. Mifupa na ubongo wa mtoto mchanga havingoji hata miaka mitatu. Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Tumezoea kuitumia methali hii juu ya adabu. Basi na tuitumie pia juu ya uji na maziwa.

Tena neno "bure" lina maana moja katika waraka na maana nyingine katika nyumba maskini. Ada haitozwi, walakini sare, viatu, madaftari na sabuni havikufutwa na waraka wowote. Mtoto atokaye nyumbani bila kula, akatembea mwendo wa saa nzima, hufika darasani akiwa amechoka kabla mwalimu hajaandika ubaoni. Pia kuna minyoo. Katika wilaya ya Busia, Kenya, tangu mwaka 1998 watoto wa shule 75 waligawiwa dawa ya minyoo kwa zamu, shule hizi kwanza na nyingine baadaye. Na katika shule zilizotangulia, utoro ulipungua kwa kiasi cha robo. Kidonge kimoja cha bei ndogo kiliwarudisha darasani watoto ambao watu walidhani ni wavivu.

Yako wapi basi matumaini, ikiwa sehemu kubwa ya mambo hufanyika kabla ya shule? Matumaini yapo, wala hayahitaji majumba makubwa. Twaomba ruhusa kuleta mfano mmoja wa mbali, kwa sababu ni mahali pachache sana duniani ambapo watoto waliosaidiwa utotoni walifuatwa mpaka utu uzima. Katika kisiwa cha Jamaika, kwenye mitaa ya maskini ya mji wa Kingston, kuanzia mwaka 1986 walichaguliwa watoto wadumavu 129, wenye umri kati ya miezi 9 na 24. Wengine walipewa maziwa ya kuongeza chakula. Wengine walitembelewa nyumbani mara moja kila juma kwa muda wa miaka miwili. Wengine walipata yote mawili, na wengine hawakupata. Waliowatembelea hawakuwa madaktari, bali wanawake wasaidizi wa afya. Walileta vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya nyumbani, wakakaa chini na mama na mtoto saa moja, wakamwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe, kumtajia majina ya vitu, kumwuliza na kumsifu. Baada ya miaka ishirini, wale waliotembelewa walikuwa wakipata mshahara uliozidi kwa robo mshahara wa wenzao wasiotembelewa.

Twaomba mlisikie vizuri jambo hili. Chakula chataka fedha, nacho ni sharti la kwanza. Lakini kilichodumu miaka ishirini katika hesabu ile ni mazungumzo na mchezo. Mtoto wa maskini hakosi uji tu. Hukosa mtu mwenye nafasi ya kusema naye, maana wote nyumbani wamechoka.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano wa kufuata. Katika miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa walisikitika kuona watoto wao wakibaki nyuma katika shule. Mwalimu mmoja, Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, alianzisha shule za awali zilizounganisha mafunzo ya dini na mafunzo ya utotoni. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, waliofundishwa kazi; vitu vya kuchezea vilikuwa vifuu, kamba, mbegu na vitambaa; na wazazi wenyewe ndio waliokuwa kamati. Kazi hiyo ilienea hata Zanzibar na Uganda. Serikali ya Tanzania nayo, katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Hiyo ni hatua njema. Lakini tumeona darasa la awali ambamo mwalimu mmoja ana watoto zaidi ya mia, wamekaa sakafuni, wakiimba herufi pamoja tangu asubuhi. Mia wakiimba, mmoja hawezi kuuliza.

Tulisema tutarudi kwenye kosa la karatasi, nalo ni letu hasa. Katika hesabu ya mwaka 2010, watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano waliokuwa na cheti cha kuzaliwa walikuwa kiasi cha 8 tu katika kila 100. Sababu zajulikana kwa kila aliyekaa nyuma ya meza: ofisi ilikuwa mbali, nauli ilikuwa ghali kuliko cheti, na karani alisema, "Njoo kesho." Mwaka 2013, kuanzia Mbeya, ilianzishwa njia nyepesi: mtoto huandikishwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, cheti cha kwanza hutolewa bila malipo, na habari hupelekwa makao makuu kwa simu ya mkononi. Watu walikuja kwa wingi. Tabia yao haikuwa imebadilika. Meza ndiyo iliyosogezwa karibu nao. Basi tusiseme tena ya kuwa watu wetu hawajali karatasi.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, twaingia ndani ya nyumba zetu wenyewe, na twaomba tusikilizwe kwa uvumilivu. Wengi wetu tuna watoto wadogo, na mke na mume wote hufanya kazi. Nani abakiye na mtoto? Ni msichana aliyeletwa kutoka kijijini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, nasi tumeinakili sheria hiyo na kuiweka katika majalada. Hata hivyo tusijifanye hatujui ni nyumba ngapi ambamo yule msichana, ukimwuliza miaka yake, humtazama bibi wa nyumba kabla ya kujibu. Ameacha shule ili mtoto wetu aweze kwenda shule. Amewaacha wadogo zake bila wa kuwapikia uji wa mchana ili amnyweshe wetu. Na kwa kuwa hesabu zote zaonyesha ya kuwa watoto wa mama aliyesoma hudumaa kidogo kuliko watoto wa mama asiyesoma, basi siku tumwondoapo msichana darasani tunaandika pia habari ya watoto wake ambao bado hawajazaliwa. Hatumtaji mtu. Kila mmoja aulize nyumbani kwake.

Baada ya kusema hayo, Kamati yaleta maombi matatu.

Ombi la kwanza ni juu ya Mfuko wa Chama. Mweka Hazina ametusomea asubuhi hesabu ya mwaka, na sote tumesikia ni kiasi gani kilichokwenda katika dhifa ya mwisho wa mwaka, na kiasi gani katika misaada ya watoto wa wanachama walio sekondari na vyuoni. Kwa walio wadogo hapakuwa na kitu. Twaomba dhifa ya mwaka huu ipunguzwe iwe chai na mandazi, na fedha itakayobaki ianzishe darasa dogo la awali, lenye mwalimu na msaidizi, na uji wa asubuhi uliotiwa karanga au maziwa, kwa watoto wa matarishi, wafagizi na walinzi wa ofisi zetu, pamoja na watoto wa jirani. Hao ndio wafungua milango yetu kila asubuhi, nao hawana kura katika mkutano huu.

Ombi la pili ni juu ya kazi yetu. Kila mwanachama aliye katika ofisi ya kata, kiliniki au shule asimrudishe mzazi aliyekuja kuandikisha mtoto kwa sababu ya karatasi iliyopotea, kabla ya yeye mwenyewe kuuliza, kuchungua na kusaidia kutafuta. Mzazi akisema "baada ya mavuno", tumsaidie kuipata tarehe. Hiyo ndiyo kazi tunayolipwa mshahara kuifanya.

Ombi la tatu ni juu ya nyumba zetu. Mwenye msichana wa kazi ambaye umri wake ni wa shule, amrudishe shule kwa gharama yake. Na aliye mkubwa, apewe saa zake za kujifunza, mshahara wake kamili, na heshima ya jina lake.

Twajua majibu yatakayotolewa. Mmoja atasema hii ni kazi ya Serikali. Twakubali, na tusiache kuikumbusha Serikali. Lakini Serikali ikitaka kumfikia mtoto hupitia mkononi mwa karani, na karani ni sisi. Mwingine atasema mishahara yetu ni midogo. Hilo nalo ni kweli, nasi tutaendelea kudai haki yetu. Walakini tukumbuke ya kuwa mwaka 1922, Martin Kayamba na wenziwe walipoanzisha huko Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, mishahara yao haikuwa mikubwa kuliko yetu. Watu kama hao walijua ya kuwa mtu aliyepata kusoma ana deni kwa ambaye hakupata.

Yule mtoto wa karanga, popote alipo, amekwisha kuwa kijana sasa. Hatuwezi kumrudishia miaka yake, wala hatujui njia ya kumfikishia msamaha wetu bibi yake. Tuliloweza kufanya ni kuisimulia habari hii hapa, katika mkutano wa watu washikao kalamu, ili bibi mwingine atakapofika mbele ya meza ya mmoja wetu, amemshika mkono mtoto mfupi asiye na karatasi, apewe kiti kwanza, kisha aulizwe taratibu.

Bwana Mwenyekiti, twaomba maombi haya matatu yapigiwe kura leo, kabla ya chai.